Mkwe Wangu Katika Mji wa Chini ya Maji

Jua la Uholanzi linawaka bila kuunguza, kama taa ya ndani ya friji, na mimi nimejinyoosha kwenye kiti cha sitahani, nimejifunika mablanketi na kanga juu yake, natazama mashamba ya maua ya tulipu yakipita. Mstari mwekundu, mstari wa manjano, mstari wa zambarau, kisha ng'ombe, kisha mwekundu tena. Kwenye kiti cha pili, umbali wa mkono tu, amelala Bi. Shemsa, mama wa mume wa binti yangu, kanipa mgongo. Hatusemeshani tangu chai ya asubuhi. Binti yangu Rukaiya na mumewe Nassor wanaishi Utrecht, wanatarajia mtoto wa kike, na sisi bibi zake tumeletwa, mimi kutoka Tanga na yeye kutoka Unguja, tuje kusaidia uzazi. Badala ya kusaidia tukaanza kugombania jina. Mimi nataka la marehemu mama yangu, yeye anataka la marehemu mama yake, na kila mmoja akitaka kulitaja mwenzake huinuka akatoka chumbani, kwa hiyo mpaka leo hakuna aliyelisikia jina la mwenzake. Nassor alipochoka akatuweka kwenye boti hii ya watalii inayozunguka mitoni majira haya ya maua, tena kabini moja, akasema tusirudi mpaka tumeelewana. Na asubuhi hii Bi. Shemsa kawaeleza wazee wa Kijerumani wa meza ya jirani, kwa vitendo, jinsi ninavyokoroma. Basi nafumba macho nisimwone. Maua yanaendelea kupita nyuma ya kope, mwekundu, manjano, zambarau, ng'ombe, na boti inaingia kwenye lango la maji, lile sanduku kubwa la mawe ambamo boti hufungiwa mbele na nyuma mpaka maji yapande au yashuke, nami nahisi tunashuka, tunashuka, tunashuka kupita kawaida, na ukuta hauishi.

Lango linafunguka na mto wa huku hautulii. Tukipinda kulia, mtu aliyesimama ukingoni anaukunja kama mkeka na kuutandika kushoto, na nahodha anamshukuru kwa kumpungia mkono. Baiskeli zinapita chini ya boti, ndani ya maji, zikipiga kengele tuzipishe. Kinu cha upepo kinatembea sambamba nasi kwa muda, kisha kinachoka na kukaa. Halafu mji unatokea, nyumba ndefu nyembamba zimeegemeana mabega kama watu waliosimama foleni tangu alfajiri, na chini yake, ndani ya maji, kuna mji mwingine wa namna ileile uliosimama kichwa chini. Ajabu ni kwamba mji wa juu ni mtupu, hata paka hayumo, na mji wa chini umejaa watu wanaokunywa kahawa. Nageuka nimwonyeshe Bi. Shemsa, halafu nakumbuka hatusemeshani, halafu naona kiti chake kitupu. Blanketi limekunjwa vizuri, jambo ambalo kabini hajawahi kulifanya hata siku moja. Sitaficha, nafurahi. Nahamishia miguu yangu kwenye kiti chake. Nawaza kitanda cha dirishani sasa ni changu, na ndoano zote za nguo ni zangu, na usiku nitakoroma kwa uhuru.

Hapo ndipo anapokuja mwongoza watalii. Kavaa koti la bluu la boti, kashika mwamvuli juu kama wanavyoshika wote ili tusipotee, lakini pale penye uso hapana kitu, ni laini tupu kama yai lililomenywa. Namwamkia shikamoo, maana mtu asiye na uso huwezi kujua umri wake. Anaitikia marahaba. Namuuliza huu ni mji gani. Anasema ni ule mliouacha, ndio mnaoufikia. Namuuliza mwenzangu yuko wapi. Anasema yuko anapotazamwa. Nani anayemtazama? Wewe, ukiacha kumtazama. Nawaza huyu lazima aliwahi kufanya kazi mapokezi mahali fulani. Lakini anaelekeza mwamvuli majini, nami nachungulia, na kweli namwona Bi. Shemsa katika mji wa chini, kakaa kwenye meza ya nje, miguu juu kichwa chini, anakula samaki mbichi na kitunguu, samaki yuleyule ambaye safari nzima amekuwa akimkataa kwa kuziba pua. Anaonekana ana raha zake. Mwongozaji anasema lango la pili likifunguka, wa juu watakuwa wa juu na wa chini watakuwa wa chini. Hilo halihitaji kufafanuliwa. Kichwani mwangu namwona Nassor amesimama gatini na maua mkononi akimsubiri mama yake, na mimi namkabidhi blanketi tupu. Nauliza nitashukaje. Anasema kwa kupanda, na sina nafasi ya kubishana, napanda ngazi ya chuma iendayo kwa nahodha, napanda, napanda, na kichwa changu kinatokeza katikati ya mfereji wa mji wa chini, kikavu, hata kanga haijalowa.

Huku barabara haziishi. Kila barabara inafika kwenye daraja, na ng'ambo ya daraja inaanza barabara ileile, yenye duka lilelile la jibini na mbwa yuleyule aliyefungwa nje ya duka, ambaye safari ya pili ananitazama kama tunajuana na safari ya tatu anainuka kunisalimu. Nyumba za Uholanzi hazina mapazia, unaona mpaka jikoni, na katika kila dirisha ninalopita kakaa Bi. Shemsa, amenipa mgongo. Mmoja anapiga pasi. Mmoja anapanga tulipu kwenye jagi. Mmoja anamfokea marehemu mume wake, na marehemu kwa kumtazama karidhika kabisa. Naita, mkwe wangu, hakuna anayegeuka. Naita, Mama Nassor, kimya. Naita, Bi. Shemsa, na wote wanageuka kwa pamoja, barabara nzima, madirisha yote, na hakuna hata mmoja mwenye uso. Nakaa chini penye ngazi ya mtu. Ni jambo la ajabu kumtafuta mtu uliyekuwa unaomba asubuhi asionekane, na ajabu zaidi ni kwamba mji mzima hakuna wa kumweleza, kwa sababu yule ambaye ningemweleza kwa Kiswahili nikaeleweka ndiye huyohuyo niliyempoteza. Mwongozaji yuko kona ile, bado kainua mwamvuli. Namwambia nimeita majina yake yote. Anasema umeita anachoitwa, hujaita alichobeba. Kabeba nini? Ulichobeba wewe. Mimi nimebeba nini? Anasema, litaje.

Sikujua, namwambia.

Hukujua nini?

Namweleza kwamba hilo ndilo jina. Mama yangu aliitwa Sikujua, kwa sababu bibi alikuwa mtu mzima, wanawe wameshaoa, akadhani ni tumbo la gesi, akanywa dawa za kila aina mpaka siku gesi ilipolia. Majirani walipomuuliza mbona hukutuambia, akasema sikujua, na jina likabaki hapo. Mwongozaji anashusha mwamvuli, ananiomba nirudie jina, narudia, Sikujua, naye anasema kwa huzuni kidogo, hata mimi.

Kicheko kinasikika nyuma yetu. Ni kile kicheko chake chenye mluzi mwishoni, ambacho usiku kabini hunikera mpaka naweka mto masikioni, na sasa nakikimbilia kama mtu aliyesikia adhana jangwani. Bi. Shemsa, mwenye uso wake, pua yake, kipini chake, kakaa kwenye ile meza ya pembeni mwa maji, anacheka mpaka samaki anatikisika kwenye uma. Kumbe ndilo hilo, anasema. Wiki zote hizi unanivimbia, kumbe ni Sikujua. Navuta kiti nakaa. Namwambia haya, na lake nani, maana bila shaka ni jina la kifalme. Anaacha kucheka. Anamgeuzageuza samaki. Siwema, anasema. Sasa zamu ni yangu, nacheka mpaka nashika meza, nasema yaani mnataka kumwita mtoto mchanga Si-wema, na yeye ananiacha nimalize. Kisha ananieleza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba bibi yake alizika watoto mpaka akachoka kuwapa majina mazuri. Huyu wa mwisho alipozaliwa akamwita Siwema, ili mauti yakipita mlangoni yasikie, yaone hapa hapana cha maana, yaende zao. Na yakaenda. Siwema akaishi mpaka akawa hana jino, akalea watoto wa mtaa mzima, akatukana watu wote waliostahili.

Sitaki apotee, mkwe wangu, ananiambia. Nikifa mimi, hakuna tena wa kumtaja.

Nachukua kipande cha samaki wake, nakila, ni kibaya vilevile nilivyodhani, nameza. Na hapo kengele ya lango inalia na maji ya mfereji yanaanza kupanda juu ya meza. Namwambia twende. Ananitazama kama mtu anayesikiliza kwa mbali, na uso wake unaanza kufutika, kipini kwanza, kisha pua yenyewe, kisha mdomo uliokuwa unanisema. Namshika mkono, mkono unateleza. Naita mkwe wangu, anazidi kufutika. Basi navuta pumzi na kuita kwa nguvu zangu zote, Binti Siwema. Pua inarudi. Siwema, naita tena, Siwema, na kila nikiita kitu kimoja kinarudi mahali pake, mpaka unarudi mdomo, na mdomo unaniambia nisimpigie kelele, si kiziwi. Baiskeli moja yenye sanduku mbele, ambamo Waholanzi hupakia watoto wao, imeegeshwa darajani. Yeye anapanda kwenye kiti, mimi najikunja sandukuni na magoti yangu mabovu, na Bi. Shemsa, ambaye ngazi za boti hupanda kwa kusukumwa, anakanyaga pedeli kama aliyezaliwa juu yake. Tunapita daraja, daraja, daraja, mbwa anatubwekea kwaheri, na tunaingia langoni milango ikiwa inafungana, na tunapanda, tunapanda, na mimi bado naita Siwema nisije nikampoteza njiani.

Nafumbua macho naita Siwema. Jua lile la friji, tulipu zile, wazee wa Kijerumani wameshusha magazeti wananitazama. Bi. Shemsa kakaa wima kwenye kiti chake, kanikazia macho.

Nani kakwambia jina la mama yangu?

Namwambia ni yeye. Lini? Sasa hivi, kule chini. Anasema hajabanduka hapa, na hilo jina hata Nassor halijui, wajukuu walimwita Bibi tu. Anawaza kidogo, kisha anasema labda analitaja akiwa usingizini. Labda, nasema, maana mimi nakoroma na yeye anaropoka, inawezekana. Shamba zima jekundu linapita. Halafu anasema, bila kunitazama, kwamba amefikiri, na mtoto aitwe Sikujua. Nageuka kumtazama, maana hilo nami sijalitaja kwa mtu tangu tupande boti. Namwambia hapana, aitwe Siwema. Anasema mama yangu mimi ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Nasema yeye ndiye mama wa mume. Anasema nisimfundishe adabu, yeye kashatoa jina na kwao mtu hatoi akarudisha. Sauti zinapanda, Wajerumani wanahamisha viti, na mimi moyoni natulia, nasema huyu ndiye, ndiye mkwe wangu haswa, nimeamka.

Ili ugomvi uishe tunampigia Rukaiya atuamulie. Naweka simu katikati yetu, namweleza kwamba kuna majina mawili na achague. Rukaiya anacheka. Anasema mama, jamani, mbona mmeshapiga. Mmepiga sasa hivi, mnapokezana simu, mnacheka mpaka hamsikiki, kengele za baiskeli zimejaa na maji yanavuma, mkasema mtoto atachukua yote mawili, na Nassor kakubali, kafurahi mpaka machozi yamemtoka. Anauliza tulikuwa mji gani ule, ulisikika mzuri.

Bi. Shemsa anaifunika simu kwa kiganja, anainama karibu na sikio langu, na ananiuliza polepole kama nina hakika kwamba sisi ndio tuliorudi.