Nafasi ya Rowan

Jumatano asubuhi nilimkuta mjukuu wangu Rowan amesimama mlangoni, koti limefungwa hadi kidevuni na begi mgongoni, anangoja kupelekwa chekechea. Mama yake alikuwa jikoni akimnywesha mdogo wake, Edie, dawa, wala hakuonyesha dalili ya kutoka.

"Lorna, mtoto anachelewa," nikamwambia.

"Haendi tena, mama. Nimemwondoa jana."

Rowan ana miaka mitatu, na kabla ya chekechea alikuwa hasemi kitu; akitaka maji anakuvuta mkono hadi kwenye bomba. Ni kule chekechea kwa Denise, kwenye sanduku la mchanga na wenzake, ndiko alikoanza kutoa neno moja moja. Malipo yake yalitoka serikalini, kwa kuwa Lorna na mwanangu Craig wote wameajiriwa. Kwa mifuko yao wenyewe wasingemweka pale hata kwa nusu ya wiki.

"Umemwondoa kwa nini?"

"Si niko likizo," alisema bila kuinua macho. "Ile ya uzazi imekwisha. Hii ya malezi nimeomba kwa ajili ya Edie, mpaka kidonda cha upasuaji wa moyo kipone, na kiwandani hawanilipi hata senti. Chekechea ya serikali ni ya wazazi wanaofanya kazi. Mimi nimekaa nyumbani nakunywa chai."

"Chai? Tangu lini umekunywa chai ikiwa bado moto? Nani kakwambia huna haki?"

"Hakuna. Sikutaka kumsumbua mtu."

"Na Denise alisemaje?"

"Alishukuru kwa chokoleti."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alipeleka kopo zima la chokoleti na kadi ya kuomba radhi. Hapa Grimsby, Uingereza, mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayesema samahani, na mimi nimezaliwa hapa, najua. Lakini kujinyima haki yako mwenyewe kisha ukanunua na zawadi, hilo lilinipandisha hasira. Nikamwambia Lorna avae koti, nikamfunga Edie mkanda kwenye kigari chake, nikamshika Rowan mkono, tukatoka.

Denise, mkuu wa chekechea, alitupokea uso umemwiva kwa haya.

"Kusema kweli nilishangaa," alisema. "Nikadhani mmepata pazuri zaidi. Sikutaka kujiingiza."

"Mngejiingiza kidogo, nyote wawili," nikasema. "Leteni simu."

Ofisi ya serikali ilituchezea muziki mpaka nikauchukia. Mwisho akapokea kijana mmoja, na Lorna akaanza kwa kumwomba radhi kwa kupiga. Denise akaongeza sauti ya simu ili sote tusikie.

"Bado umeajiriwa kiwandani?" kijana akauliza.

"Ndiyo, lakini silipwi."

"Na likizo hii ya malezi umechukua kwa ajili ya mtoto mdogo?"

"Ndiyo."

"Basi kaka yake hapotezi kitu, dada. Kwa upande wetu unahesabiwa uko kazini."

"Nahesabiwa niko kazini," Lorna alirudia taratibu, kisha akaanza kulia. Wiki zote zile za hospitali sikuwahi kumwona akilia. Nilimshika bega, na hasira yangu yote ikaniisha.

Lakini Denise alikuwa akipekua kalenda yake. "Nafasi yenyewe sasa," alisema kwa unyonge. "Jumatatu na Jumanne nimeshampa mtoto mwingine. Nimebaki na siku tatu. Baada ya Pasaka kuna familia inahama."

Nilifungua mdomo nimpe maneno yake, ila Lorna aliniwahi.

"Nazichukua hizo tatu, kuanzia leo. Na Pasaka ikifika mimi ndiye wa kwanza, Denise. Nitakupigia kila wiki, na safari hii nitasumbua kweli."

"Sumbua tu, mpenzi," Denise akacheka.

Rowan hakungoja watu wazima wamalize. Koti alilitupa chini, akaenda zake kwenye mchanga. Lorna akabaki kizingitini akimtazama, mikono imekishika kigari kana kwamba yeye ndiye anayeachwa. Edie akaanza kulalamika. Mara Rowan akainuka, akaja mpaka kwa mama yake na kumsukuma goti kwa mikono miwili iliyojaa mchanga.

"Nenda, mama. Edie analia."

Sikuwahi kumsikia akiunganisha hata maneno mawili. Nililia waziwazi mbele ya wazazi waliokuwa wakileta watoto wao, na wala sikuona haya. Lorna alipiga magoti, akamfuta mchanga kwenye vidole kimoja kimoja.

"Haya, bwana mkubwa," alimwambia. "Naenda."