Namba Haina Kiingereza

Edvina Katusiime alikuwa na dakika kumi na tano za kueleza kazi ya miaka miwili, tena kwa Kiingereza, na ndani ya dakika hizo kulikuwa na namba moja ambayo hakutaka baba yake aisikie mpaka anaingia kaburini.

Baba yake, Mzee Twesigye wa Nyakakika, hahesabu ng'ombe. Si kwamba hesabu hazijui. Namba za simu anabonyeza mwenyewe, na mnadani hajazaliwa dalali wa kumpunja. Ila ng'ombe wake anawajua kwa rangi na majina, huyu Bihogo, yule Gaaju, na jioni akisimama mlangoni pa zizi anajua nani hajarudi bila kuhesabu hata mmoja. Kwao anayehesabu ng'ombe anawamaliza. Kwa hiyo binti yake, ambaye ni afisa mifugo pale Rubwera, alipokuja kumwomba ruhusa ya kuchunguza vifo vya ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, kwa ajili ya shahada yake ya pili, mzee alimpa sharti moja tu: aandike majina, asihesabu. Edvina akaahidi.

Kisha akahesabu. Angefanyaje? Chuo hakitoi shahada kwa majina ya ng'ombe. Mbele ya baba yake aliandika majina ya waliokufa, na akirudi ofisini anayageuza kuwa namba. Na kadiri alivyohesabu ndivyo walivyozidi kufa, maana kupe walikuwa wamejaa na josho la kijiji lilikuwa kavu. Elimu ilimwambia ni kupe. Moyo wake haukuwa na uhakika huo, na jambo hilo hakumwambia mtu.

Aliyemnoa kwa ajili ya siku ya kuutetea utafiti huo mbele ya waamuzi wa chuo ni Bi Ikram, mwalimu wa Kiingereza, mtoto wa mwenye duka la vitambaa. Kila Jumamosi walikaa nyuma ya kaunta, katikati ya majora, Edvina akihutubia vitenge. Mara ya kwanza dakika sita nzima ziliishia kwenye salamu: mwenyekiti, wazee, ukoo wake, mvua za mwaka huu, na shukrani kwa kila aliyewahi kumpa maji ya kunywa. Bi Ikram alimwacha amalize, kisha akamuuliza kwa upole ni kitu gani hasa kilichokufa. Edvina akajitetea kwamba kwao mtu haleti habari ya msiba bila kupiga hodi. Mwalimu akamjibu kwamba kwa wale waamuzi, hodi ni sentensi moja.

Basi wakaipanga upya. Kwanza swali lake, halafu namna alivyolitafutia jibu, halafu alichokiona, mwisho maana yake. Kila ukurasa utakaomulikwa ukutani ubebe jambo moja. Asisome yaliyoandikwa, watu wana macho. Na ile namba kubwa kuliko zote, ya waliokufa zizini kwa mzee, aiweke peke yake, na picha pembeni.

"Ukishaitamka, nyamaza," Bi Ikram alimwambia. "Ukiendelea kusema unaifunika. Hesabu mpaka tano moyoni, ndipo uendelee."

Edvina hakubisha. Alijua kwamba wafugaji wote waliompa taarifa wamealikwa, na kwamba mzee atakuja, lakini mzee hajui Kiingereza. Kiingereza kitakuwa pazia. Alifarijika, na akajionea aibu kwa kufarijika.

Siku ikafika. Mzee Twesigye alikuja kwa bodaboda toka Nyakakika, amevaa koti lake la kanisani, akakaa safu ya nyuma ya ukumbi na wafugaji wenzake. Edvina alimwendea, akampa shikamoo, na mzee akamwambia kwamba amekuja kumsikia tu; kama hataelewa, ataelewa sauti. Mbele walikaa waamuzi watatu. Mmoja wao, Profesa Winston, alikuwa mgeni asiyejua hata neno moja la Kiswahili.

Alianza vizuri. Hodi sentensi moja, swali likafuata, njia ikafuata, na ulimi ulimtii. Kisha akabonyeza, na ukutani ikatokea 31, kubwa kama mlango. Pembeni yake palikuwa na picha ya zizi la baba yake. Aliichagua kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, na mbele kabisa alisimama Siina, ng'ombe mwekundu aliyekolea karibu na weusi, mwenye pembe ndefu. Akaitamka namba. Akanyamaza kama alivyofundishwa.

Alipofika tatu moyoni, alimwona mzee akiinama mbele. Macho yake yalitoka kwa Siina, yakaenda kwenye namba, yakarudi kwa Siina. Namba haina Kiingereza. Edvina msomi, aliyepanga kila kitu, hilo tu halikumpitia akilini.

Alieleza kupe, akaeleza josho, akashukuru. Profesa Winston akamuuliza ana hakika gani na idadi ile, ikiwa aliitoa kwenye kumbukumbu za watu. Kabla Edvina hajajibu, mkono ukanyooka nyuma. Mwenyekiti akamruhusu mzee aseme.

Mzee Twesigye alisimama na kofia mkononi.

"Hiyo namba ni ya kwangu?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Ni ya kwako, Tata."

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi. Nikavunja."

Mzee aliutazama ukuta tena.

"Basi umekosea," alisema. "Siina amekufa juzi. Sikukuambia, nisije nikakuharibia siku yako." Akaielekeza kofia kwenye namba. "Ni thelathini na wawili. Andika."

Tangu azaliwe, Edvina hakuwahi kumsikia baba yake akitaja idadi ya ng'ombe wake, wazima wala wafu. Alielewa papo hapo alichokifanya mzee. Kama kuhesabu kunaua, basi sasa na yeye amehesabu, mbele za watu, ili mwanawe asiubebe mzigo ule peke yake. Iliuma, na ilimwinua, vyote kwa pamoja.

Profesa Winston akauliza mzee amesema nini.

Kwa hili hapakuwa na ukurasa ukutani wala mpangilio. Edvina aligeuka, akamwambia kwa Kiingereza chepesi kwamba huyu ni baba yake, ndiye mwenye ng'ombe, na anasema hesabu ya mwanawe ina kosa: ni thelathini na mbili.

Mgeni akafuta alichokuwa ameandika, akaandika upya. Mzee Twesigye alibaki amesimama, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya koti, na hakuna aliyemwambia akae.