Kodi Yote ni ya Maliro

Kwa miaka kumi na tisa Victoire hakumsikia mume wake, Maliro, akitamka neno "yetu". Duka la Butembo lilikuwa "langu", pikipiki "yangu". Hata nyumba ya kupangisha kule Bungulu, mjini Beni, ilikuwa "yangu", ingawa matofali yalinunuliwa kwa pesa za maharagwe ya Victoire. Watoto tu, Kahongya na wadogo zake, ndio walikuwa wa mama yao, hasa siku ya kulipa karo.

Katika talaka, hakimu aliamuru nyumba iuzwe na bei igawanywe nusu kwa nusu. Mnunuzi akapatikana. Ndipo likafumuka jambo jingine: miaka sita Maliro alikuwa amekula kodi ya wapangaji bila kulipa kodi ya serikali. Sasa akataka Victoire alipe nusu. Victoire alikuwa amekwisha kupatana bei ya shamba huko Vuhovi. Akitoa hiyo nusu, shamba limemponyoka.

Wakakutana Bungulu mbele ya Jonathan, mtoza kodi wa serikali, mgeni kutoka Kasai.

"Patron, hii nyumba ni yetu," Maliro akasema kwa upole usio wake. "Tulijenga pamoja. Donc, na impôt, kodi ya serikali, tugawane."

Victoire akacheka, kisha akashikwa na hasira.

"Papa Kahongya, leo imekuwa yetu? Patron, geuka, soma ukuta."

Maliro mwenyewe ndiye aliyeandikisha pale, kwa rangi nyekundu, ili wapangaji wasimpe Victoire hata faranga:

KODI YOTE YA NYUMBA HII NI YA MALIRO PEKE YAKE.
MUKE YAKE HAIMUHUSU.

Jonathan alisoma polepole, akatoa kalamu.

"Mais, ile ni kodi ya ba locataires, ya wapangaji!" Maliro akaruka. "Haiko ya serikali!"

"Donc, ya ba locataires ulikula yote wewe moja?"

 Jonathan akaandika jina moja tu.

Wiki iliyofuata Maliro akalipa kodi yote kutoka nusu yake ya malipo ya kwanza. Mnunuzi naye akasema hatatoa salio mpaka ukuta upakwe upya. Maliro, macho chini, akamwomba Victoire wachangie rangi.

"Papa Kahongya," Victoire akamjibu, "soma mustari wa pili."