Singe ya Salehe

"Sasa hiyo singe uliisugua ya nini, kama hukuwa tayari?" Mwinjuma alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, jasho la mlima bado halijamkauka.

"Kwa sababu ilikuwa na kutu, kaka. Kitu chenye kutu husuguliwa. Hata wewe ungechomekwa kwenye paa miaka yote hiyo, ningekusugua."

Watu waliokaa uani wakacheka. Mwinjuma hakucheka. Alikuwa ameukusanya ukoo kutoka pande zote za Mgeta, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na sasa dada yake anamwambia awarudishe watu makwao.

"Hidaya, usinifanye mtoto. Furaha, mke wa mpwa wetu, alikuona mtoni unaisugua kwa mchanga. Kanijia mbio kuniambia. Ulitaka nifikiri nini?"

Kosa lilianzia hapo. Katika ukoo wao, silaha ya marehemu haiguswi mpaka mama yake akubali. Siku atakapoisafisha kwa mikono yake, amekubali kwamba mwanawe hayupo na jina lake linaweza kurithiwa. Anayerithi huchukua jina, silaha na shamba, na tangu siku hiyo mama wa marehemu ni mama yake. Hidaya aliyajua hayo tangu utotoni. Ila aliposhika singe ile, hakuwa akimfikiria marehemu yeyote.

Salehe, mwanawe wa pekee, alikuwa askari wa Wadachi. Alikwenda kusini wakati wa vita vya Maji Maji. Vita viliisha, wenzake wakarudi bomani Morogoro, yeye hakurudi. Mmoja wao alipanda mlima kumletea Hidaya ile singe, kisu cha kuchomekwa mbele ya bunduki yake. Walitengana walipokuwa wakivuka mto, alisema, na hakuna aliyeona maiti. Katika maneno yote ya yule askari, Hidaya alishika hilo tu: hakuna aliyeona maiti. Singe akaichomeka kwenye nyasi za paa.

Juzi aliishusha, akakuta kutu imeila mpaka kwenye ncha. Aliwahi kumwona askari akilazwa kifudifudi uwanjani pa boma na kuchapwa viboko hamsa wa ishirini kwa kutu kama hiyo. Salehe akirudi na kukabidhi chuma namna hii, watamtoa ngozi mgongoni! Basi akailoweka kwenye maji ya ndimu, akaisugua kwa mchanga, kisha kwa majani ya msasa mpaka vidole vikachubuka, akamalizia na mafuta ya mbarika. Kila chuma kilipong'aa kidogo, alimsemesha mwanawe kana kwamba yumo ndani anavaa.

"Nilikuwa namtayarishia," alimwambia kaka yake. "Asije akapigwa."

Mwinjuma aliinamisha macho.

"Mdogo wangu. Miaka yote hii."

"Hesabu sikukuomba."

Abasi, mtoto wa marehemu dada yao, akainuka kwenye jamvi. Ndiye aliyechaguliwa kurithi. "Mjomba, mwache mama. Mbuzi aliwe, watu waende zao. Mimi kesho nashuka Morogoro."

"Kufanya nini?" Hidaya aliuliza.

"Bomani wanaandika askari wapya."

"Una wazimu?"

"Sina shamba, mama. Furaha ana mimba. Tutakula mawe? Shamba la Salehe unalipalilia kila mwaka, hupandi hata punje ya mahindi, wala humpi mtu."

"Ni la Salehe."

"Najua. Silalamiki. Umeniuliza, nakujibu."

Hidaya akamtazama. Alimwona keshavaa kofia ile ya askari yenye kitambaa cha kufunika shingo, anashuka njia ileile, na yeye amebaki mlangoni akiuangalia mgongo wake mpaka upotelee kwenye migomba. Mgongo mmoja wa namna hiyo alikuwa akiuota kila siku. Hakutaka wa pili.

"Na yule akirudi?" alimuuliza kaka yake. Aliuliza kavukavu, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, singe mapajani mwake.

"Akirudi tutakuwa na akina Salehe wawili, tuchinje mbuzi mwingine. Nani atakataa nyama?"

"Na mimi niendelee kumngoja?"

Mwinjuma alishusha pumzi. "Kungoja hatujakukataza."

Hidaya akasimama. Mkubwa wa ukoo ndiye anayekabidhi silaha, na Mwinjuma alikwisha kunyoosha mkono kuipokea. Hidaya akampita. Akaenda mpaka mbele ya Abasi, akamwekea singe viganjani kwa mikono yake miwili.

"Salehe," akaita.

Siku nyingi alikuwa ameliita jina hilo, na halikuwahi kuitikiwa. Abasi alimtazama mjomba wake, kisha akapiga goti.

"Naam, mama."

"Hakuna kwenda bomani. Chukua jembe, twende shambani kabla jua halijawa kali."

Akatangulia yeye, wala hakungoja mbuzi achinjwe.