Mbavu za Nyumba ya Vioo

Kila ubavu wa chuma wa nyumba ya vioo uliolazwa nyasini ulikuwa umepakwa rangi ya manjano, na Dainess alipoiona damu ilimchemka. Manjano ilikuwa rangi ya Nikodemu, shemeji yake. Marobota yote ya nguo aliyonunua sokoni Kangle aliyapiga manjano, yasije yakachanganyika na ya wengine ndani ya kontena. Nyekundu ilikuwa ya marehemu William, na sasa ilikuwa ya mjane wake, yaani yeye. Dainess alikuwa amekwenda tu bandarini Huangpu kumbana wakala wa mizigo, na tayari shemeji alikuwa amejipakulia.

“Funguo za duka kwanza, sasa nyumba,” alisema kwa sauti, ingawa pale shambani hapakuwa na mtu mwingine ajuaye Kiswahili.

Kujenga nyumba ya joto, ya vioo, katika mji wenye joto kama Guangzhou ni ukaidi wanaoumudu matajiri peke yao. Ukoo wa wauza chai uliomiliki shamba hilo, vilimani nje ya mji, ulizijenga tatu, ili maua yao ya okidi yasiumizwe na baridi ya Januari na wageni wapate cha kusimulia. Mbili zilikwisha kuvunjwa zikauzwa kama vyuma chakavu. Ya tatu ilinusurika kwa kufugiwa nguruwe.

Hata kwa uvundo ule ilikuwa nyumba ya kuvulia kofia. Msingi wake wa matofali ulifika kiunoni, umefunikwa kwa jiwe lililochongwa matundu, na katika kila tundu ulisimama ubavu uliopinda taratibu hadi kukutana na wa upande wa pili kwenye mgongo wa paa. Vioo vililaliana kama magamba ya samaki. Nguzo za katikati zilikuwa tupu ndani, na mvua ya paani ilishukia humo hadi kwenye tangi chini ya sakafu. Mwaka juzi, mvua ikinyesha, William alimsogeza Dainess kwenye nguzo mojawapo akamwambia atege sikio.

“Nyumba inakunywa,” alimnong’oneza.

Alitaka kuihamishia Lushoto, apande waridi ndani yake. Miezi michache baadaye moyo ulimsimama. Msibani, hata matanga hayajaanuliwa, Nikodemu alichukua funguo za duka la marehemu bila kumuuliza mtu. Dainess hakumsamehe, wala hakukusudia. Sasa alikuwa ameinunua nyumba ili atimize azma ya mumewe, na Nikodemu ndiye aliyebaki akiishusha ubavu kwa ubavu.

Aliwaita vibarua wawili wa Bi. Liang, mwanamke aliyepewa kazi ya kulisafisha shamba lote na kubomoa kilichosimama. Akawapa brashi za waya na mafuta ya taa, akawaonyesha kwa vidole: futa. Yeye mwenyewe aliwafuata nyuma na kopo la rangi nyekundu, akipiga mstari mmoja mnene juu ya kila ubavu. Aliona kwamba manjano ile haikuwa ya siku zote. Hapa vitone viwili, pale vitatu na mstari, kwingine mstari mmoja wenye pembe. Aliona, lakini hakutaka kujiuliza. Hasira ilikuwa tamu, na hakuwa na kitu kingine kitamu tangu amzike mumewe.

Ubavu wa mwisho ulikuwa bado mbichi kwa rangi Nikodemu alipoteremka garini na furushi la mipira ya kushikilia vioo. Lilimponyoka.

“Shemeji, umefanya nini?”

“Nimeondoa alama yako kwenye mali ya mume wangu.”

“Alama yangu?” Alipiga magoti, akaupapasa ubavu wa karibu kama mtu anayemtafuta mgonjwa mapigo ya moyo. “Hizo zilikuwa nafasi zake. Mbavu hizi hazifanani, kila mmoja una pacha wake ng’ambo. Ukikosea, hazikutani juu na kioo hakikai. Kila uliposhushwa niliuwekea alama. Manjano ndiyo niliyokuwa nayo mkononi.”

“Ungeniambia.”

“Ningekwambia lini? Hata salamu yangu huitikii.”

“Na funguo za duka nazo uliziwekea alama?”

“Funguo nilichukua,” alisema bila kupepesa macho. “Na ningechukua tena. Ulikuwa umelala sakafuni, shemeji. Hukujua hata mlango uko upande gani.”

Dainess akaiona Lushoto, rundo la vyuma kwenye majani, na watu wa mjini wakipita wakiuliza mke wa William amenunua nini huko Uchina. Alikuwa ameivunja nyumba ya mumewe kuliko nguruwe walivyowahi kuivunja.

“Sasa nani anayejua upi unakaa wapi?” aliuliza.

“Jiwe lile tu.”

Wote wawili wakalitazama jiwe la msingi na matundu yake matupu. Bi. Liang naye alikuwa akilitazama, mkono mmoja kwenye mlango wa mashine yake ya kuvunjia. Nikodemu alimwendea, akamwomba asubiri hadi kesho.

“Bu xing,” alisema Bi. Liang. Haiwezekani. Akapanda, na kwenye upande wa msingi uliotazama bwawa la shamba mashine ikanguruma, tofali la kwanza likaanguka.

Nikodemu alikimbilia upande ambao haujaguswa. Akainua ncha ya ubavu, uzito ukamshinda. “Si lazima ushike,” alisema huku akihema.

Dainess alishika ncha ya pili. Waliupeleka kwenye tundu la kwanza, ukakataa. Wakaurudisha, wakaleta mwingine, nao ukakataa. Rangi mbichi iliwachafua viganja wote wawili. Hawakusemeshana ila “inua” na “tua”, na kila “tua” ilitoka kwa ukali. Kule bwawani jiwe lilizidi kupasuka, na vumbi likaanza kuwafikia.

Ubavu mmoja ulizama kwenye tundu mpaka mwisho, ukasimama wenyewe.

Nikodemu alijipapasa mifukoni, akatazama nyasini. Kopo lake la manjano lilikuwa limelala ubavu, tupu, mahali Dainess alipolimwaga asubuhi. Akageuka, akanyoosha mkono kuomba brashi ya shemeji yake.

Dainess hakumpa. Aliichovya mwenyewe kwenye nyekundu, akainama penye ubavu.

“Vitone vingapi?” aliuliza.

“Kimoja.”

Akakiweka. Nyuma yao mashine ilikuwa imesogea.

“Haya, shemeji,” alisema Dainess. “Inua.”