Rozalia Anamsindikiza Mgeni

Siku ujumbe wa biashara kutoka jimbo moja la Marekani ulipofika Kalinzi, Kigoma, Rozalia alikuwa ameshapiga deki ghala la kahawa na kuazima vikombe kanisani. Wageni walionja kahawa kwa kuivuta mdomoni kwa kelele, wakulima wa kikundi cha Rozalia wakawasamehe. Wakaitema kwenye ndoo, wakasamehewa hilo nalo. Kiongozi wao, Bwana Walter, mtu mnene mwenye uso wa upole, hakutema. Alimeza, akafumba macho, akasema kwamba jimbo lao halina bahari wala kahawa, lina mahindi na watu wanaoamka mapema, na kwamba yeye amekuja kujenga uhusiano.

"Muulize, atanunua?" Scola, katibu wa kikundi, alimwambia mkalimani.

Mkalimani alikuwa Nikodemu, mtoto wa palepale aliyehamia mjini. Aliuliza, akasikiliza jibu refu sana. "Anasema mtegemee habari njema," akasema.

Kwa habari njema hizo kikundi kikamkatalia Haruna, mnunuzi wa mjini, ambaye kila mwaka alikuja na mzani wake na bei yake, vyote viwili vikiwa na kasoro. Mavuno yao yote yalikuwa mle ghalani. Paa lilivuja, lakini mvua zilikuwa bado, na Mmarekani hawezi kuchelewa kama sisi. Ndivyo walivyoambiana.

Wageni walipoaga, Rozalia, akiwa mwenyekiti, alijifunga kitenge vizuri akatoka kuwasindikiza. Kalinzi mgeni hasindikizwi hadi mlangoni tu. Unakwenda naye mpaka yeye mwenyewe aseme, "Basi mama, inatosha, rudi." Ukigeuka kabla hajasema, umemfukuza. Na mkiwa njiani humuulizi habari za biashara, itaonekana ulimkaribisha kwa ajili ya mfuko wake. Nikodemu aliyajua haya tangu utotoni, ila alikuwa kiti cha mbele cha gari la wageni, anachati.

Bwana Walter alipunga mkono dirishani, ila lile neno la "rudi" hakulisema. Gari likaondoka taratibu kwa sababu ya makorongo, na Rozalia akatembea ubavuni mwake.

Mwandiga walipita bila mgeni kusema kitu. Walipofika Mwanga, mjini, kamba ya kandambili ikakatika, Rozalia akanunua nyingine sokoni na kulifikia gari kabla halijafika uwanja wa ndege. Pale mlangoni ofisa alimuuliza anakwenda wapi.

"Namsindikiza mgeni."

Ofisa yule, ambaye mama yake ni wa Kasulu, kwenye desturi hiyohiyo, akampisha.

Ndege iliporuka, Rozalia alitembea chini yake, ndani ya kivuli chake, maana jua lilikuwa kali. Tabora walimpa maji ya kunywa. Baharini maji yalimfika vifundoni na yalikuwa ya baridi kuliko ya ziwani kwao, jambo lililomkera. Alifika kabla ya mabegi. Bwana Walter alimkuta amesimama kwenye maegesho, akatabasamu sana, akamwambia mkewe kwamba watu wa Kigoma ni wakarimu ajabu. Kisha akaendelea na safari bila kumruhusu arudi.

Jimbo lenyewe lilikuwa tambarare, mahindi mpaka macho yanachoka. Ofisi ya Bwana Walter ilikuwa na ukumbi mrefu wenye benchi, na benchi lilikuwa limejaa watu. Mwanamke wa Ghana alikuwa na kapu la kakao. Mwanamume wa Ethiopia alikuwa na ngozi zilizokunjwa vizuri. Mwishoni aliketi mzee wa Burundi mwenye koti la sufu alilopewa hapohapo.

"Amahoro, mama," akasema mzee, akimtakia amani.

Rozalia akainama, akapiga makofi taratibu, wakasalimiana kama inavyotakiwa: watoto, ng'ombe, migomba, wagonjwa, majirani. Lugha za kwao ni za majirani, ya mmoja haikumpiga chenga mwenzake. Salamu zilipokwisha chai ya watu wa ofisi ilikuwa imepoa, na Rozalia alijisikia nyumbani kidogo, akataka kulia.

Mzee aliitwa Anatoli. Alikuwa amemsindikiza ofisa aliyemtangulia Bwana Walter katika kazi hiyo, na ofisa huyo alistaafu bila kusema lolote.

"Hukumweleza?" Rozalia aliuliza.

"Nilimweleza. Kiingereza nimeshakipata. Akaguswa sana. Akasema huku kwao kumwambia mgeni aondoke ni utovu wa adabu, nikae ninavyopenda."

Simu ndogo ya Rozalia ilishika mtandao bila shida. Scola alipiga.

"Shikamoo mama mwenyekiti. Umefika wapi?"

"Marahaba. Bado niko naye."

"Amesema atanunua?"

"Hajasema."

"Mvua zimeanza, mama. Magunia ya chini yanashika unyevu. Haruna alipita, amecheka tu."

Rozalia alikasirika, na hasira yake haikuwa ndogo. Alimkasirikia Bwana Walter, akamkasirikia Nikodemu na simu yake, akajikasirikia mwenyewe kwa vikombe vya kanisani. Akainuka, akavunja mwiko wa njiani, akamwomba Anatoli waingie ofisini kwa Bwana Walter.

"Mwambie kahawa inaoza. Ananunua au hanunui?"

Bwana Walter aliwakalisha. Alisema kwa moyo mkunjufu kwamba ununuzi ni suala la kampuni, yeye kazi yake ni uhusiano, na uhusiano na Kigoma unakwenda vizuri kuliko wa mahali pengine popote. Mwenye shaka amtazame mama huyu hapa. Akaomba wapige picha pamoja, wakapiga.

Angeweza kuondoka siku ileile, miguu ilikuwa yake. Lakini angerudi Kalinzi kama mtu aliyemtupa mnunuzi njiani, na wenzake wangesema jibu lilikuwa mbioni, yeye ndiye aliyelifukuza. Akarudi kwenye benchi.

Scola alipiga tena. Kahawa yote amechukua Haruna, kwa bei ya kahawa iliyoharibika. "Tungefanyaje, mama?" alisema, na Rozalia akamwambia hakuna aliyekosea.

Theluji ilipoanza, naye alipewa koti. Asubuhi moja katibu muhtasi alifungua kopo jipya la kahawa lenye picha ya mlima ambao hauko Kigoma wala popote alipowahi kupita Rozalia, akachemsha, akawagawia watu wa ukumbini. Rozalia alipiga funda, akalikalisha ulimini. Ilikuwa kahawa ya mteremko wa kina Scola, ikiwa na ladha ya gunia lililolowa.

"Hii ni yetu," alisema.

"Ndiyo," alisema Anatoli. "Huwa ni zetu."

Bwana Walter akapita na kikombe chake, kopo likiwa mkononi. Alimuuliza Anatoli mama anaionaje kahawa wanayokunywa hapa jimboni. Rozalia alitazama kopo, akamtazama yeye. Bwana Walter alikuwa bado mgeni wake, na walikuwa bado njiani.

"Mwambie ni nzuri," alisema.