Nyumba Iliyo Juu ya Handaki

Ufa ulianza nyuma ya tanuri. Mwokaji mikate aliuona asubuhi, mwembamba kama uzi, akaupuuza, maana mikate ikiiva haimsubiri mtu. Alipomaliza kuuza na kurudi ndani kufagia, ufa ulikuwa umepanuka; kidole chake kilizama mle bila kugusa kitu. Upepo wa baridi ulimpiga, wenye harufu ya kutu na maji yaliyolala.

Hakuna mtu mjini asiyejua maana ya upepo huo. Mji wenyewe ulizaliwa na mgodi wa shaba. Kampuni ilijenga nyumba za mabosi mlimani, penye mwamba, na za wachimbaji bondeni, safu kwa safu, juu ya mahandaki yenyewe, ili mtu awe kazini kabla usingizi haujamtoka. Shaba ilipoisha, kampuni ilifungasha virago ikaondoka, ikang'oa hata pampu zilizokuwa zikivuta maji chini. Tangu hapo maji yalipanda kimyakimya, yakila nguzo za mbao, na kila mvua kubwa iliondoka na chake: safari moja uwanja wa mpira, safari nyingine nusu ya posta.

Mwokaji alitupa ufagio, akakimbilia chumba cha nyuma. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kitandani, akikunja nguo. Mumewe mwokaji alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, kwa hiyo wanawake hawa wawili waliishi wakitazamana. Tangu aolewe, mwokaji hakuwahi kusifiwa na mama huyu. Mikate yake ikiwa si migumu, basi ni mibichi.

"Mama, tutoke. Ardhi inafunguka."

"Rudisha mlango, vumbi linaingia."

"Sitanii, mama!"

"Kwani mimi nacheka?" Mama mkwe aliendelea kukunja. "Mume wangu yuko chini hapa. Handaki lilimwangukia, kampuni ikasema yuko kina kirefu mno, hafikiki. Wakaziba kwa kifusi, wakanipa pole. Mumeo alikuwa bado tumboni. Nimelala juu ya baba yake miaka yote hii, leo nimkimbie kwa ajili ya ufa?"

Kishindo kikapita chini ya miguu yao. Vikombe vikagongana kabatini. Nje, fundi baiskeli wa jirani, waliyemwita Spana, alikuwa akipiga kelele: "Tokeni! Ua unakatika!"

Mwokaji akamshika mkono, akavuta. Mama mkwe akakamata chuma cha kitanda. Mikono iliyofua na kutwanga maisha yote haibanduliwi kirahisi. Mchanga ulianza kudondoka darini. Kupitia mlango uliobaki wazi, mwokaji aliliona tanuri lake likiinama mbele, taratibu, kisha halikuwapo tena. Majivu ya moto yalifuka pale lilipokuwa.

Angeweza kutoka. Mlango wa uani ulikuwa hatua chache tu, na nje jua lilikuwa linawaka. Nani angemlaumu? Mumewe mwenyewe husema mama yake ana kichwa kigumu kuliko jiwe. Lakini hasira zilimpanda, hasira za miaka, zikamkalisha kitandani kando ya mama mkwe kama mgeni aliyekaribishwa.

"Unafanya nini?" mama mkwe akauliza.

"Nakaa. Si tunakaa?"

"Na wanao?"

"Wako shule. Nisipowafunza mimi, watafunzwa na ulimwengu."

Ukuta ulitoa mlio kama mti unaopasuka. Mama mkwe akamgeukia. Mkwewe alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana, na hainuki.

"Mtoto wa watu, una wazimu wewe!"

"Nimeolewa kwenu, mama. Nimeambukizwa."

Mama mkwe akaachia chuma. Akamkamata mwokaji kwapani kwa nguvu za ajabu. "Nyanyuka! Nyanyuka, nasema! Sitakufa na damu ya mtu shingoni!" Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiburuta.

Uani, ardhi ilikuwa imepasuka kati yao na barabara. Spana alikuwa amelaza ngazi juu ya mpasuko, ameikalia upande wa pili. "Mmoja mmoja! Msitazame chini!" Mama mkwe alivuka kwa magoti, mkwewe akafuata. Mguu wa mwokaji ulikuwa bado kwenye kipago cha mwisho nyumba ilipokwenda, bila haraka, bati kwanza. Vumbi likawafunika wote watatu.

Walihamia mlimani, chumba kimoja katika nyumba ya bosi wa zamani. Mama mkwe hakusema neno, hata la kulalamika, na kimya hicho kilimtisha mwokaji kuliko mpasuko. Vumbi lilipotulia na seng'enge kuzungushwa, mama akataka apelekwe kuona.

Walisimama ukingoni. Ubavuni mwa shimo mdomo wa handaki lile lililozibwa ulikuwa wazi, nguzo zake zimeoza. Hapakuwa mbali. Kisima cha mtaani kilikuwa kirefu kuliko pale.

"Walisema hafikiki," mama mkwe alisema.

Mwokaji aliinama kuchungulia.

"Kwa majembe tu, mwanangu. Wanaume wa mtaa huu wangemtoa kwa majembe tu."

Hakulia. Alikaa chini pale pale hadi jua likageuka, kisha akanyoosha mkono ainuliwe. Wakaupanda mlima polepole, mama mkwe akiilaani ile kampuni kwa matusi yote aliyoyajua, na alipoishiwa, mkwewe akamwongezea.